Talanta Mkononi mwa Mtoto

Dominika ya 33, Mwaka A



Masomo ya Dominika hii yanatuingiza nyumbani. Kitabu cha Mithali chamsifu mama mwenye bidii, ambaye mikono yake hufanya kazi na pia humfungulia maskini. Zaburi ya 128 yatuonyesha baba anayekula jasho lake, na watoto wakiizunguka meza. Kisha yaja Injili ya Mathayo, nayo yataja fedha nyingi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa kutwa. Hata mtumwa aliyepewa moja tu alikabidhiwa ujira wa miaka ipatayo 20.

Basi tujiulize: watoto wanaoizunguka meza yetu twawafundishaje habari ya fedha? Twawafundisha kusali na kusoma, lakini fedha twawaficha mpaka waondoke nyumbani. Wanapopata mshahara wa kwanza, huumaliza kwa juma moja, nasi twailaumu dunia.

Mahali pa kuanzia ni kazi za nyumbani. Lakini tuangalie. Wako wazazi wanaomlipa mtoto kwa kila kazi: akiosha vyombo, alipwe; akifagia uwanja, alipwe. Mtoto huyo atajua bei, lakini hatajua upendo. Siku bibi atakapougua na kuomba maji ya kunywa, mjukuu atauliza, "Utanipa nini?" Kazi za kila siku hazina ujira. Anayekula na wenzake hufanya kazi na wenzake, mvulana sawasawa na msichana. Kristo mwenyewe, kule Nazareti, aliwatii wazazi wake, naye akajulikana kuwa seremala.

Fedha na iingie kwa njia nyingine, yaani kwa kukabidhiwa. Tutazame alivyofanya bwana yule wa Injili.

Kwanza, alipima uwezo wa kila mmoja. Mtoto wa miaka 7 atumwe dukani kununua chumvi, ahesabu chenji na kuileta. Kazi hiyo haikosekani hata katika nyumba maskini. Wa miaka 10 apewe kuku mmoja au tuta la mchicha, aambiwe mbele ya wote kwamba ni mali yake. Tuseme ameuza mayai 10 kwa shilingi 3,000. Aketi na mzazi wake, wazigawe. Shilingi 1,000 ni za pumba, maana kuku asiyelishwa hatagi. Shilingi 1,000 ni akiba. Shilingi 300 ni sadaka. Zilizobaki, shilingi 700, atumie apendavyo. Hapo atajua kwamba mauzo yote si faida, na kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tena, sadaka anayopewa na mama mlangoni mwa kanisa ni sadaka ya mama. Hii ni yake mwenyewe.

Pili, bwana alisafiri. Hakukaa akiwasimamia. Mtoto akizimaliza shilingi 700 kwa pipi, na kesho akakosa kalamu, mwacheni auonje upungufu huo mdogo akiwa bado nyumbani kwenu. Wala msimnyang'anye. Iko desturi mbaya: kuku akiwa kifaranga ni wa mtoto, akinona ni wa baba. Mgeni afika, kuku achinjwa, mwenyewe hakuulizwa. Baba huyo amemfundisha mwanawe kwamba jasho la mdogo si mali. Ikibidi kuku yule atumike, mtoto aombwe, na akikubali ashukuriwe.

Tatu, bwana alirudi akafanya hesabu. Nanyi kaeni na mtoto jioni ya Jumapili, na daftari lake: kimeingia nini, kimetoka nini. Hapo ndipo penye hatari. Yule mtumwa wa tatu hakuiba. Alifukia talanta kwa sababu aliogopa, kwa kuwa alimdhania bwana wake kuwa mtu mkali. Wazazi wapendwa, mtoto anayepigwa kwa kupoteza shilingi 100 hajifunzi kutunza, anajifunza kuficha. Bali anayeweza kusema, "Baba, nimepoteza," akaonywa kwa upole na kukabidhiwa tena, huyo kesho atashika fedha za Jumuiya bila kuzigusa. Ni vyama vingapi vya akiba vimevunjika kwa sababu mweka hazina hakuzoea kutoa hesabu?

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa mwaka 1981 juu ya familia, aliwataka wazazi wawalee watoto wawe huru mbele ya mali, kwa maisha ya kiasi, wakijua kwamba mtu ana thamani kwa jinsi alivyo kuliko kwa vitu alivyo navyo. Tusiwafundishe fedha ili waipende, bali ili isiwatawale.

Nanyi makatekista, mnapowaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, msiwaulize sala na amri tu. Waulizeni pia: nyumbani umekabidhiwa nini, nawe wakitunzaje?

Udongo uwahi ungali maji. Wiki hii, kila mzazi amkabidhi mtoto wake jambo moja dogo, amwamini, kisha wafanye hesabu pamoja kwa upendo. Naye Bwana atakaporudi atukute sote, wakubwa kwa wadogo, tu waaminifu katika machache, atuingize katika furaha yake. Amina.