Njama Zenye Saini: Akina Rothschild na Uvumi wa Familia Inayoutawala Ulimwengu



Kwenye nguzo nyingi za umeme za miji yetu, kati ya tangazo la chumba cha kupanga na la mganga wa nguvu za kiume, utakuta limebandikwa tangazo la Frimasoni. Jiunge upate utajiri, linasema, na chini yake kuna namba ya simu. Anayepiga huambiwa atume hela ya kujiandikisha, kisha hela ya fomu, kisha hela ya pete. Baada ya hela ya pete simu haipokelewi tena. Matapeli hawa hawajabuni chochote. Wamekuta imani iko tayari mtaani, kwamba utajiri mkubwa hautoki dukani wala shambani bali hugawiwa gizani na watu wachache, wakaifanyia biashara. Frimasoni wenyewe wana jengo lao Nairobi, barabara ya Nyerere, linalojulikana na kila dereva wa teksi. Marehemu Sir Andy Chande, aliyewahi kuwaongoza kwa miaka mingi hapa Afrika Mashariki, alijitokeza hadharani kueleza chama chake ni nini. Haikusaidia. Aliyeamini alisema: mnaona, sasa wamejitangaza.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huniuliza habari za Frimasoni. Wakifika mwaka wa tatu, wakishatazama video za kutosha, huniuliza habari za Rothschild. Leo nitawajibu wa mwaka wa tatu.

Niseme mapema ninakoelekea. Njama zipo. Wenye fedha hukutana faraghani na kupanga mambo, na anayebisha hajawahi kukaa kwenye kamati ya zabuni. Ugomvi wangu na hadithi ya familia iliyojificha ni kwamba inatuachisha kusoma. Inatuambia wakubwa hawaandiki. Wanaandika sana, na wanatia saini.

Mayer Amschel Rothschild alizaliwa mwaka 1744 Frankfurt, katika mtaa wa Wayahudi: uchochoro mmoja uliozungushiwa ukuta, malango yake yakifungwa usiku, na pia Jumapili na sikukuu za Wakristo. Alianza kwa kuuza sarafu za kale, akapata wateja kwenye kasri la mtawala wa Hesse-Kassel, akaingia kwenye biashara ya fedha. Wanawe watano wakatawanyika: Amschel alibaki Frankfurt, Nathan alikwenda Uingereza, James Paris, Salomon Vienna, Carl Naples. Waliandikiana kwa Kijerumani cha Kiyahudi kwa herufi za Kiebrania, na barua zilibebwa na matarishi wao wenyewe. Serikali iliyotaka mkopo London ilimkuta mtu aliyejua bei ya hati fungani Paris na Vienna ikoje, na mwenye ndugu wa damu wa kuziuza huko. Huo ndio uganga wao wote. Siri ilikuwepo pia: wosia wa mzee, wa mwaka 1812, uliwazuia mabinti na wakwe kuingia katika biashara na kuviona vitabu vya hesabu.

Msikilizaji wa pwani hapaswi kushangaa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba moja ya wafanyabiashara kutoka Kutch, nyumba ya Jairam Shivji. Ushuru wa bandari ulipitia kwao, msafara uliokwenda bara ulikopa kwao, na Sultani mwenyewe alikuwa mdeni wao. Kama kuna familia iliyowahi kuushika uchumi wa nchi mkononi, ni hiyo. Lakini wanahistoria wameiandika kwa kusoma mikataba na madeni, na hakuna aliyelazimika kumtaja shetani.

Shetani aliingia kwa akina Rothschild mwaka 1846, na aliingia kwa reli. Mwezi Juni mwaka huo James Rothschild alifungua reli ya kaskazini mwa Ufaransa. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Julai, treni iliacha njia karibu na kijiji cha Fampoux, mabehewa yakatumbukia kwenye kinamasi, na watu wasiopungua 14 wakafa. Wafaransa walikuwa na hasira, na walikuwa na haki ya kuwa nayo. Kampuni ilipaswa kujibu kuhusu tuta, njia na mwendo wa treni. Badala yake Paris ilipata kijitabu. Mwandishi wake, Georges Dairnvaell, alikitia saini kwa jina la Satan, na ndani yake akasimulia kisa ambacho mpaka leo kinazunguka kwenye simu zenu.

Kisa kinasema Nathan alikuwapo Waterloo tarehe 18 Juni 1815, akayaona kwa macho yake majeshi ya Napoleon yakishindwa, akapanda farasi mpaka pwani, akamlipa mvuvi avuke naye bahari iliyochafuka kwa dhoruba, akafika London siku nzima kabla ya taarifa ya serikali, akavuna mamilioni kwenye soko la hisa. Wasimuliaji wa baadaye waliongeza kwamba kwanza aliuza kwa makusudi ili wengine waingiwe na hofu, kisha akanunua kila kitu kwa bei ya kutupa.

Nathan hakuwapo Waterloo. Dhoruba haikuwapo. Mwandishi wa habari Brian Cathcart alipoifuatilia hadithi hii, kila ushahidi aliouvuta ulimkatikia mkononi. Hata ile shajara ya kijana wa Kimarekani iliyokuwa ikinukuliwa sana ilishagundulika zamani kuwa ya kughushi. Taarifa rasmi ilifika London usiku wa tarehe 21 Juni mkononi mwa Meja Henry Percy, na kabla yake mji ulishasikia habari kutoka kwa wasafiri waliotokea Ghent. Ipo barua ya wakati ule, kutoka kwa mtumishi wa Nathan, inayodokeza kwamba bosi wake alinufaika na habari za mapema. Basi alipata chochote. Lakini mwanahistoria Niall Ferguson, aliyechambua hesabu zao, anaonyesha kwamba ushindi ule uliwakuta vibaya. Serikali ya Uingereza ilikuwa imempa Nathan kazi ya kukusanya dhahabu ya kulipia jeshi la Wellington. Napoleon aliporudi, ndugu hawa walinunua dhahabu kwa wingi wakitarajia vita virefu, na vita vikaisha mapema. Mwenye ghala lililojaa hafurahii bei kuanguka.

Tazameni basi kijitabu kilivyofanya kazi. Swali la Fampoux lilikuwa na watu wa kulijibu na vitabu vya kampuni vya kukagua. Jibu la Satan lilikuwa na farasi na mvuvi. Likapendwa zaidi.

Mwaka 1940 serikali ya Hitler ilitoa filamu iliyoitwa Die Rothschilds, na kiini chake kilikuwa kisa hichohicho cha Waterloo. Wakati huo Louis Rothschild wa Vienna alikuwa ameshakamatwa na Wanazi, akazuiliwa takriban mwaka mzima, na kuachiwa baada ya kusalimisha mali. Tawi la Naples lilikuwa limefungwa tangu 1863, la Frankfurt tangu 1901. La Paris lingekuja kutaifishwa na serikali ya Mitterrand. Watawala wa ulimwengu wenye bahati mbaya kiasi hiki ni wa kuhurumiwa! Lakini si jambo la mzaha. Kutoka familia moja, hadithi ilishahamia kwa watu wote wa dini yao. Gazeti moja la St Petersburg lilichapisha mwaka 1903 kile kilichodaiwa kuwa mipango ya wazee wa Kiyahudi ya kuutawala ulimwengu. Mwaka 1921 Philip Graves, mwandishi wa The Times aliyekuwa Istanbul, aliiweka kando ya kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864 na kuonyesha aya zilizonakiliwa. Kitabu cha Joly kilimkejeli Napoleon wa Tatu. Wayahudi hawakuwa hoja yake hata kidogo. Uongo ukawa umefichuliwa, na haukufa. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa baada ya kufichuliwa huko.

Uganda ilionja mtindo huo mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke kwa madai kwamba wanauhujumu uchumi. Bila shaka walikuwepo wafanyabiashara waliodhulumu, kama walivyo kila mahali. Aliyedhulumu hushtakiwa kwa jina lake. Waliofukuzwa walikuwa pamoja na makarani, mafundi cherehani na watoto wa shule.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Video nyingi huanza na mwaka 1776, tarehe 1 Mei, siku Adam Weishaupt alipoanzisha chama cha Iluminati huko Ingolstadt, Bavaria. Chama kile kilipigwa marufuku kabla ya kutimiza miaka kumi. Mwaka huohuo wa 1776, tarehe 14 Septemba, Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani atampatia watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20, na juu yake piasta 2 za zawadi kwa Sultani kwa kila kichwa. Mkataba ulikusudiwa kudumu miaka mia. Watumwa walikuwa wa mashamba ya Ufaransa visiwani, Mauritius ya leo ikiwamo. Mkataba huo umechapishwa, unasomeka. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuulizwa na mwanafunzi hata mmoja habari za Morice, ilhali wa Weishaupt hawaishi mlangoni kwangu.

Mauritius ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1810. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 20. Fidia hiyo ilikuwa ya wenye watumwa. Mtumwa hakupata senti, na alilazimishwa kuendelea kumtumikia bwana yuleyule kwa miaka kadhaa kwa jina la uanagenzi. Serikali haikuwa na fedha hizo mkononi, kwa hiyo mwaka 1835 ilikopa pauni milioni 15, na waliousimamia mkopo walikuwa Nathan Rothschild na shemeji yake Moses Montefiore. Walipakodi wa Uingereza walimaliza kulilipa deni la fidia ile mwaka 2015. Wenye watumwa wa Mauritius walipata zaidi ya pauni milioni 2.

Hapo ndipo jina la Rothschild linapogusa pwani yetu kweli, mbali na twiga wa Kenya aliyepewa jina la Walter Rothschild, mpenzi wa wanyama. Hakuna giza lolote. Mkopo ulijadiliwa Bungeni, na majina ya waliolipwa yamewekwa kwenye hifadhidata ya Chuo Kikuu cha London, UCL: wachungaji, wajane, wabunge, mabenki. Rothschild alikuwa dalali wa uamuzi uliopigiwa kura mchana. Hadithi ya familia moja inawafaa sana wale wengine wote walioko kwenye orodha.

Na njama zinazofanyika kwetu hugunduliwa vivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kijana mmoja karani wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, alianza kuona malipo yasiyoeleweka yakipita mezani kwake, fidia kwa usafirishaji wa dhahabu na almasi ambayo Kenya haikuwa ikiichimba kwa kiasi hicho. Hakutafuta alama ya jicho kwenye noti. Alikusanya nakala za hati, zikafika mikononi mwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 kashfa ya Goldenberg ikawa wazi. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa, akapoteza kazi, na alikufa mwaka 2006 bila kitu. Mitaani watu walioweza kunitajia koo zote zinazodaiwa kuwa za Iluminati hawajapata kulisikia jina lake.

Orodha za watumwa wa Mauritius zilizotayarishwa kabla ya fidia ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew. Zina majina na asili ya watu, lakini karibu kila aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki ameandikwa tu kuwa wa Msumbiji, hata kama alipakiwa jahazini Kilwa. Muhula ujao semina yangu itaanza kuzisoma ukurasa kwa ukurasa, kuona ni wangapi tunaoweza kuwatenganisha. Milango iko wazi kwa wa mwaka wa tatu, na wa mwaka wa kwanza wakipenda.