Maji ya Visima Vifupi katika Mashamba ya Pwani



Wenzetu wengi wakaribiapo kustaafu hununua shamba pwani, huchimba kisima cha pima nne au tano, wakatia kiinua mgongo chote katika pampu na mipira. Maji huonjwa, huitwa matamu, na kazi huanza. Twaona ya kuwa ulimi si shahidi wa kutosha katika shauri hili.

Chumvi ya maji hupimwa kwa jinsi yapitishavyo umeme, na kipimo chake ni desisimensi kwa mita. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 1985 ya kuwa maji yasiyofika 0.7 hayana kizuizi. Baina ya 0.7 na 3 yataka hadhari. Yapitayo 3 yana hatari kubwa. Maji ya kipimo cha 1 hunyweka bila taabu, lakini debe la lita 18 huchukua kama gramu 11 za chumvi. Mwenye ekari moja akiinywesha milimita 500 kwa msimu, ameimwagia zaidi ya tani moja. Maji hupanda hewani, chumvi hubaki. Masika yasipoiosha, maharage ndiyo hudhoofika kwanza, kisha vitunguu. Pamba hustahimili sana.

Tena sodiamu ikizidi mno kalsiamu na magnesiamu, udongo wa mfinyanzi hufunga, maji yasipenye. Hilo halionekani kwa kipimo cha mkononi. Yapasa sampuli ipelekwe maabara.

La pwani hasa ni hili: maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia kama mita 40 chini yake. Mwenye pampu ashushapo maji yake daima, huiita bahari ipande. Na hapo hadhuriki yeye peke yake, bali na jirani yake atekaye kwa ndoo.

Basi sampuli ichukuliwe mwisho wa kiangazi, baada ya kuvuta maji kwa muda, katika chupa iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale. Nyingine ichukuliwe baada ya masika. Nayo ya kwanza itangulie ununuzi wa pampu. Wauza pampu huenda wakacheka, na wacheke.