Choo cha Soko: Tuanze na Atakayekiosha

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya wakwe. Jambo lenyewe ni choo. Si choo cha nyumbani, hicho tumekizungumza mara nyingi. Ni choo cha watu wote: cha sokoni, cha kituo cha matatu, cha bustani ya mji ambapo watu hupumzika wakingojea ofisi zifunguliwe.

Mtauliza, sisi wa kijijini hayo ya mjini yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Nani huuza mboga mjini siku ya soko? Ni sisi. Nani hushuka matatu asubuhi na mapema na kurudi jioni? Ni sisi. Mwenye ofisi ana choo chake, na ufunguo uko mfukoni. Mama aliyeketi chini na sukuma wiki hana. Basi anafanya nini? Hanywi maji kutwa nzima, hata jua likiwa kali, anajizuia mpaka jioni. Kufanya hivyo kila siku ya soko huweza kuleta maradhi ya njia ya mkojo. Mwingine huenda nyuma ya vibanda, na mvua ikinyesha uchafu ule unaingia mtoni. Tulikiona kipindupindu kikienea katika kaunti nyingi mwaka 2022 na 2023. Ugonjwa ule hupita katika maji na chakula kilichoguswa na kinyesi. Hauulizi nani ana ofisi na nani hana.

Tena hii si sadaka tunayoomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango kinachofaa. Katiba hiyo hiyo imeziweka kazi za masoko, bustani za kaunti na huduma za maji na usafi mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo tunapoitwa kutoa maoni juu ya bajeti, choo ni neno halali kabisa la kusema pale.

Lakini tuseme nini? Tukisema tu "tujengewe choo", tutajengewa. Kitafunguliwa kwa nyimbo na hotuba. Baada ya miezi michache kitakuwa na kufuli. Masoko mengi tunayotembelea yana choo tayari, ila hakitumiki. Maji hayapo, shimo limejaa, mlango umeng'olewa. Kwa nini? Kwa sababu mchoro ulianza na kuta. Sisi tunasema mchoro uanze na mtu atakayekiosha. Maji atayatoa wapi? Ufagio na ndoo ataviweka wapi? Nani atamlipa? Yakijibiwa hayo, kuta si kazi ngumu.

Tufanye hesabu kidogo. Hizi ni namba za mfano tu. Ninyi mtaweka za kwenu. Tuseme watu 200 wanatumia choo kwa siku, na ni choo cha kumwaga maji kwa mkono. Kila mtu anahitaji lita 3 za kumwaga, jumla lita 600. Kunawa mikono, nusu lita kila mmoja, ni lita 100. Kuosha sakafu, lita 100 nyingine. Jumla ni lita 800, yaani mitungi 40 ya lita 20. Mtungi ukiwa shilingi 10, hiyo ni shilingi 400. Mwoshaji, shilingi 700. Sabuni na karatasi, 250. Akiba ya ukarabati na ya lori la kunyonya maji taka, 350. Jumla shilingi 1,700. Kila mtu akilipa shilingi 10, mmepata 2,000. Mmebaki na 300.

Sasa, watu wakiwa 100 tu? Mnapata 1,000, lakini mwoshaji bado ni 700, na maji na sabuni bado vinataka pesa. Choo kinaanza kufa. Ndiyo maana mahali pa kujenga ni jambo kubwa. Soko la siku mbili kwa wiki peke yake halitalisha choo. Kikiwekwa kati ya soko na kituo cha matatu, wasafiri watakilisha siku zile ambazo soko halipo.

Paa nalo lifanye kazi. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 8 kwa 5 huleta karibu lita 400. Hiyo ni nusu ya maji ya siku moja. Wekeni mfereji na tangi tangu mwanzo, msiseme tutaweka baadaye.

Na pale ambapo maji ni shida kabisa, kuna choo cha shimo chenye bomba la hewa, kilichotengenezwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga ulio juu ya bomba, wakanaswa na wavu. Kwa hivyo ndani pawe na giza kiasi, na wavu usitoboke. Shimo liwe mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko.

Haya, baada ya mwoshaji, tumfikirie mtumiaji. Mara nyingi wanaume hupewa nafasi sawa na wanawake, na watu husema huo ni usawa. Je, ni usawa kweli? Mwanamke ana nguo za kupanga, ana mtoto mgongoni, pengine ni mja mzito, pengine yuko katika siku zake. Anachukua muda mrefu zaidi. Mji wa New York ulipitisha sheria mwaka 2005 kwamba kumbi na viwanja vipya viwe na nafasi mbili za wanawake kwa kila moja ya wanaume. Sisi nasi tunaweza kudai hivyo. Tena ndani ya kila chumba cha akina mama pawe na komeo linalofunga, kulabu ya kutundikia kikapu, na pipa lenye mfuniko la kutupia sodo. Vitu hivi ni vya bei ndogo, lakini visipokuwapo mama hataingia.

Wenye ulemavu je? Chumba kimoja kiwe na mlango wa sentimita 90, unaofunguka nje, vishikio ukutani, na nafasi ya kiti cha magurudumu kugeuka, kama mita moja na nusu. Njia ya kuingilia isiwe na ngazi. Kwa kila sentimita 12 za urefu, ipande sentimita 1 tu. Wazee wetu wenye magoti mabovu watashukuru pia.

Kuna hofu mbili kwenye mlango wa choo cha umma: je, ni kichafu? Na je, kuna mtu amejificha ndani? Huko Tokyo, Japani, mwaka 2020, msanifu Shigeru Ban alijenga vyoo vya bustani vyenye kuta za kioo. Ukiwa nje unaona ndani kote. Ukifunga mlango, kioo kinakuwa hakionyeshi. Sisi hatuhitaji kioo. Tunahitaji milango inayotazama mahali penye watu, taa, na mtu anayekaa pale. Choo kisifichwe nyuma ya jaa la takataka eti kwa sababu ya haya.

Na hapa kwetu kuna mifano. Msanifu David Kuria, kupitia kampuni yake Ecotact, alianzisha vyoo vya Iko Toilet jijini Nairobi karibu mwaka 2008. Mtu alilipa shilingi 5. Pembeni palikuwa na mng'arisha viatu na muuza magazeti, wakaleta pesa na macho ya kulinda mahali. Huko Kibera, shirika la Umande Trust limesaidia vikundi kama vyenu kujenga vyoo vyenye mtambo wa gesi chini yake. Kinyesi hutoa gesi ya kupikia, na ghorofa ya juu inakodishwa. Wanaosimamia ni wanakikundi wenyewe.

Sasa neno gumu. Akina mama wanauliza: tunalipa ushuru wa soko kila siku, mbona tulipe tena choo? Swali hilo ni la haki. Tena mara nyingi mwanamume hukojoa ukutani bure, mwanamke ndiye analipa. Sisi tunaona hivi: sehemu ya ushuru irudi kulipa maji na mwoshaji, mwenye risiti ya siku hiyo alipe nusu, na watoto na wazee wasilipe. Msafiri alipe bei kamili. Jambo hili liandikwe katika mapatano na kaunti kabla ya jiwe la kwanza, si baada ya kugombana. Na hesabu ya pesa ibandikwe mlangoni kila mwezi, ili mweka hazina asisemwe vibaya na ili wanaolipa waone pesa zao zimekwenda wapi.

Basi, kabla ya mkutano wa kutoa maoni, kaeni kikundini mjadili haya:

1. Siku ya soko, akina mama wetu huenda wapi kujisaidia? Waulizwe wao wenyewe.
2. Choo kilichopo kilifungwa kwa sababu gani hasa?
3. Kwa hesabu yetu, ni watu wangapi kwa siku wanatosha kumlipa mwoshaji?
4. Nani kati yetu atasimama kusema mbele ya kaunti? Awe pia mama mmoja anayeuza pale.