Bustani Kwanza, Kitalu Nyumba Baadaye
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya eneo la Runzewe



Katika miaka ya karibuni vyama vya msingi vimeanza kupokea maombi ya mikopo ya aina mpya. Zamani mwanachama wa Runzewe aliyefika ofisini kuomba mkopo alikuwa anataka mbolea na dawa za tumbaku, au pembejeo za pamba. Siku hizi wapo wanaoomba fedha za kujenga kitalu nyumba, yaani banda lile lililofunikwa kwa nailoni ambamo mboga, na hasa nyanya, hulimwa pasipo kungojea mvua. Wengine wamekiona walipokwenda Arusha, wengine wamekiona kwenye simu, na wengine walipata habari zake wakati Ofisi ya Waziri Mkuu ilipoendesha mafunzo ya kilimo hicho kwa vijana katika halmashauri mbalimbali, mwaka wa fedha 2018/2019. Jambo la kuzungumzwa hapa ni moja tu: mwanachama huwa tayari lini kwa kitalu nyumba, na chama kitamtambuaje.

Haja yenyewe ni ya kweli. Runzewe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga na sasa imo katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Geita, iko mahali pema kwa biashara ya mboga. Barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi inapita hapo, na ile itokayo Geita kupitia Bwanga inaungana nayo hapo hapo. Machimbo ya dhahabu, makubwa na madogo, yamekusanya watu wengi ambao hula kila siku lakini hawalimi. Tangu Juni hadi Septemba ardhi hukauka na majani mabichi huwa adimu. Zikija mvua nyingi, nyanya za nje hushikwa na bakajani zikaoza shambani. Kwa hiyo anayetamani kulima chini ya nailoni hafuati upuuzi. Kosa lipo katika mpango wa hatua zake.

Na achukuliwe mwanachama wa mfano, wa aina inayopatikana katika kila chama. Hana jina, kwa kuwa yaliyompata huwapata wengi. Ni mkulima wa tumbaku, ana kisima nyuma ya nyumba, na maisha yake yote mboga aliyoijua ni ile iliyochumwa na mkewe. Mwaka wa kwanza, mwezi wa Julai, alinunua pakiti ya mbegu za nyanya, akatengeneza tuta moja karibu na kisima, akazimwaga zote pamoja kama mtu anayelisha kuku. Miche iliota imesongamana kama manyoya. Akaifurahia, akaimwagilia asubuhi na tena jioni mpaka udongo ukawa tope. Siku ya kumi na mbili miche ilianza kulala chini, shina limenyongeka pale linapogusana na udongo. Huo ndio ugonjwa uitwao kinyausi. Hutokana na ukungu wa udongoni, na hustawi penye msongamano na unyevu usiokauka. Theluthi mbili ya miche ilikufa.

Iliyosalia aliihamishia katika mashimo aliyoyajaza samadi mbichi, iliyotoka zizini siku ileile. Samadi ya namna hiyo huendelea kuchacha ardhini na kuunguza mizizi. Hapana budi irundikwe na kufunikwa, igeuzwe mara kwa mara kwa miezi kadhaa, mpaka ipoe na isinuke tena. Katika usiku wa tatu sota, wale viwavi wa udongoni, wakakata miche mingine kana kwamba imepitiwa na wembe. Mwisho wa msimu alichuma nyanya chache ambazo hazikutosha kurudisha bei ya mbegu.

Kinachostaajabisha katika habari hii ni kwamba mtu huyu alikuwa na elimu yote aliyohitaji. Mkulima wa tumbaku hutunza kitalu kila kiangazi. Anajua kuchanganya mbegu na majivu ili isimwagike mahali pamoja. Anajua kuinua tuta, kufunika kwa nyasi, kuzipunguza nyasi kidogo kidogo, na kuipunguzia miche maji kabla ya kuihamisha ili iwe migumu. Ila nyanya aliiona kuwa ni zao la wageni, lenye kanuni zake, akaacha mlangoni maarifa ya miaka ishirini. Bwana Shamba anayefundisha bustani huku Runzewe angeanzia hapo: mwambie mkulima aitendee nyanya kama mche wa tumbaku, na nusu ya somo imekwisha.

Wakati huohuo, hatua tano kutoka kwenye tuta lake, mkewe alikuwa na mchicha, mgagani na matembele. Hakuna aliyeyahesabu kuwa ni kilimo. Mchicha huchumwa wiki ya tatu au ya nne baada ya kusiwa, matembele hupandwa kwa vipande vya mashina na hustahimili ukosefu wa maji kwa siku kadhaa, na mgagani ukizidi huchemshwa na kuanikwa ukawa nsansa ya kiangazi. Mafungu yaliyouzwa barabarani yalileta fedha ndogo, lakini zilikuja kila wiki, na nyumba haikununua mboga kwa miezi mitatu. Lau daftari lingekuwapo, lingeonyesha kwamba bustani ilileta faida mwaka ule, nayo ilitoka upande ambao mwenye nyumba hakuutazama.

Mwaka wa pili alikwenda vizuri zaidi. Alisia kwa mistari, akamwagilia asubuhi peke yake, akahamisha miche yenye umri wa wiki nne kwa nafasi ya sentimeta 60 kwa 50. Akaifungia kwenye vijiti na kutandaza nyasi kavu kuhifadhi unyevu. Mavuno yalikuwa yanaanza kupendeza alipofika kantangaze. Mdudu huyu, nondo mdogo wa kijivu, aliingia Tanzania mwaka 2014, na viwavi wake hutoboa majani yakabaki kama karatasi iliyoungua, kisha huingia katika tunda. Mwanachama alinyunyiza dawa, akaongeza kipimo, akarudia kila baada ya siku tatu. Haikusaidia, kwa maana kiwavi amejificha ndani ya jani, na wadudu hao wamekwisha kuzoea dawa nyingi. Kilichosaidia ni kuchuma kila jani na tunda lililotobolewa, kulifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuuacha juani, kubadilisha aina ya dawa badala ya kiasi chake, na kung'oa mabaki yote mara baada ya mavuno. Na yafaa isemwe bila kificho: anayenyunyiza dawa leo akapeleka nyanya sokoni kesho anawalisha watu sumu. Siku za kungoja zimeandikwa kwenye chupa, nazo zimeandikwa ili zifuatwe.

Hapo ndipo aliposhawishika kwamba dawa ya matatizo yote ni kitalu nyumba. Akauza ng'ombe wawili, chama kikamdhamini kwa sehemu iliyobaki, akajenga banda la meta 8 kwa 15.

Banda likamletea mambo matatu. La kwanza lilikuwa joto. Fundi alifunika nailoni mpaka chini, pande zote, akiogopa wadudu. Kufika Septemba, saa nane mchana, mtu hakuweza kusimama humo ndani. Nyanya ikipata joto la nyuzi 35 na zaidi, chavua yake huharibika na maua hupukutika. Mimea ikawa mirefu, ya kijani, mizuri kutazama, haina tunda. Pande za kitalu nyumba huku kwetu zapasa kuwa za wavu wenye matundu madogo, na paa liwe na upenyo wa kutolea hewa ya moto. Nailoni nayo iwe ile iliyotengenezwa kustahimili jua. Ya kawaida hupasuka kabla ya mwaka kuisha.

La pili lilikuwa dogo, na wengi hawaambiwi. Nje, upepo na nyuki hutikisa ua la nyanya na kudondosha chavua. Ndani hakuna upepo. Kamba zinazoshikilia mimea zatakiwa kutikiswa polepole kila asubuhi, kazi ya dakika chache ambayo hata mtoto anaiweza.

La tatu ndilo lililommaliza. Alipokwisha kufungua pande na matunda yakaanza kushika, mmea mmoja ulinyauka mchana ukiwa bado wa kijani. Kesho yake ilikuwa mitano. Bwana Shamba alipofika alikata shina karibu na ardhi, akakining'iniza kipande chake ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye shina. Hiyo ndiyo alama ya mnyauko bakteria, ugonjwa usio na dawa ya kunyunyiza, ambao hukaa ardhini kwa miaka. Banda lilikuwa limejengwa juu ya kitalu chake cha zamani cha tumbaku.

Hapa makatibu wasikilize kwa makini, kwa kuwa jambo hili linahusu Runzewe kuliko sehemu nyingi za nchi. Tumbaku, nyanya, bilinganya, nyanyachungu, pilipili, mnavu na viazi mviringo ni mimea ya ukoo mmoja. Mnyauko bakteria huweza kuishambulia yote, na minyoo fundo wanaovimbisha mizizi huhamia kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Ugonjwa wa batobato ya tumbaku huletwa hata na vidole vya mtu aliyetoka kushika majani makavu au kuvuta sigara. Anayeingia kwenye nyanya anawe kwa sabuni kwanza. Nailoni huzuia mvua na wavu huzuia nondo, lakini hakuna kati ya hivyo kinachozuia kilichomo ardhini. Tena banda halihamishiki kama bustani, na mwenye deni hushawishika kupanda nyanya juu ya nyanya ili alipe haraka. Nchini Kenya, ambako mabanda madogo ya namna hii yalienea sana tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, mnyauko huo umewafanya wakulima kadhaa kuacha kabisa kupanda nyanya ndani yake.

Yapo pia maji. Banda la ukubwa uliotajwa, lenye mimea 300, hunywa kati ya lita 300 na 450 kwa siku wakati wa jua kali, yaani ndoo kumi na tano mpaka ishirini na zaidi, kila siku, bila Jumapili. Kisima kinachotoa ndoo kumi mwezi wa Agosti hakiwezi kulisha banda hilo. Na yeyote asijaribu kuchota kwenye mabwawa ya makarasha, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa. Maji hayo huweza kuwa na zebaki, na penye mitambo ya kuchenjua mabaki huweza kuwa na sianidi. Hayafai kumwagilia kitu cha kuliwa, hata yakionekana meupe.

Sasa ulinzi wa chama. Katika vyama vya tumbaku deni la mmoja limezoeleka kuwaangukia wenzake wakati wa makato. Mwanachama aliyelima kilo zake kwa uaminifu hapaswi kuona malipo yake yamepungua kwa sababu ya banda ambalo hajapata kuliona. Kwa hiyo kamati inapopokea ombi la kitalu nyumba, isianze kwa kuuliza bei ya nailoni. Iombe kuona daftari la bustani la misimu miwili: tarehe ya kusia, gharama, sado zilizouzwa, mafungu yaliyoliwa nyumbani, na hasara. Imtume mtu akapime kisima mwezi wa Septemba, si mwezi wa Machi. Iulize ardhi ile ilibeba nini miaka minne iliyopita. Asiye na daftari asikataliwe kwa ukali; aambiwe aanze leo, na katibu amwonyeshe namna ya kuligawa kwa mistari.

Katibu pia asifumbe macho juu ya mfuko wa mbolea ya tumbaku uliochukuliwa kwa mkopo ukaishia kwenye nyanya. Mbolea ile, N.P.K. 10:18:24, haitaidhuru nyanya, lakini kilo za tumbaku zilizoahidiwa hazitafika, na makisio ya chama kizima yatakuwa ya uongo.

Mwanachama wa mfano hakubomoa banda lake. Aling'oa nyanya zote na kuzichoma, akapanda matango, ambayo hayaugui mnyauko ule, na upande mmoja akapanga viroba vilivyojazwa udongo wa mbali uliochemshwa kwenye pipa, miche ya nyanya kumi na minne kwa majaribio. Nje ameongeza matuta mawili ya mchicha na moja la matembele, na daftari linaandikwa na mkewe, ambaye mwandiko wake unasomeka. Malipo ya mkopo kwa mwaka huu yatatoka kwenye mchicha. Septemba ijayo, jua litakapokuwa kali, atalowesha udongo wa banda na kuulalishia nailoni nyeupe kwa wiki sita ili joto lipunguze viini vya ugonjwa, kabla ya kuamua kama ardhi ile itarudishiwa nyanya au la.