Kitabu Kikipotea Itakuwaje? Mwalimu wa Maktaba na Mzazi Wakae Pamoja

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki, katika siku ya mafunzo kuhusu miradi ya elimu.)



Tumepewa dakika ishirini kabla ya chai. Ujenzi wa vyumba vya maktaba tutauacha kwa leo, maana taarifa yake mnayo mikononi. Tunataka kusema juu ya watu wawili wanaomhudumia mtoto mmoja na ambao mara nyingi hawajawahi kukaa pamoja: mwalimu wa maktaba na mzazi.

Tuanze na jambo lililotuaibisha sisi wenyewe wa ofisi. Tulikwenda kutembelea shule moja ya msingi, hatutaitaja, kuona vitabu vya hadithi vilivyotolewa na marafiki zetu. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Ufunguo wa kabati ulitafutwa kwa muda, ukapatikana, kabati likafunguliwa. Vitabu vilikuwa visafi, vimepangwa kwa urefu, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Tuliomba daftari la kuazimia. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu ulioandikwa, majina ya mwezi wa kwanza, kisha kurasa nyeupe hadi mwisho.

Tulimwuliza mwalimu wa maktaba kwa nini watoto hawaazimi. Alisita kidogo, kisha akasema, "Mratibu, ni fomu yenu. Inasema mwisho wa mwaka vitabu vyote vihesabiwe, na kikipungua niandike maelezo. Mshahara wangu mnaujua. Nimeona heri nivitunze."

Hatukuwa na jibu. Fomu ile tuliiandika sisi ili taarifa kwa wafadhili ikae vizuri, na kwa kweli taarifa ilikaa vizuri sana: vitabu vyote vipo, hakuna kilichopotea. Hapakuwa na mahali palipouliza kama kuna mtoto aliyekisoma hata kimoja.

Jumapili iliyofuata tulibaki baada ya ibada na mnada, tukazungumza na wazazi wa mtaa ule. Mama mmoja alitueleza kwamba mwanawe aliwahi kuleta kitabu nyumbani, naye ndiye aliyekirudisha kesho yake asubuhi. Mwaka uliotangulia mkubwa wake alipoteza kitabu cha kiada, na nyumba ikaambiwa ilipe. "Nikamwambia mwanangu, mrudishie mwalimu kitabu chake kabla hakijatuletea deni."

Basi, ndugu zangu, mwalimu anakiogopa kitabu kikiwa nje ya kabati, na mzazi anakiogopa kikiwa ndani ya nyumba. Katikati yupo mtoto wa darasa la tatu anayesoma ubaoni tu. Tulikuwa tukidhani tatizo ni uchache wa vitabu. Ni kweli ni vichache, lakini hata hivyo vichache vilikuwa vimelala.

Turudi nyuma kidogo, maana hali hii ina historia. Nchi yetu haikudharau maktaba. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam mwezi Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina chuo chake Bagamoyo kinachofundisha wakutubi. Lakini shule za msingi zilikuwa na njia yake. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 7.9 mwaka 2006. Ninyi wenyewe mlibeba mawe na mchanga. Kila shilingi ilikwenda kwenye madarasa, madawati na vitabu vya kiada, na chumba kilichokusudiwa kuwa maktaba kikageuzwa darasa au stoo ya mahindi ya uji. Hatulaumu. Matokeo yake, katika shule nyingi tunazozifahamu, "mkutubi" ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake kamili ambaye siku moja alikabidhiwa ufunguo.

Tulichofanya katika shule ile ni kuitisha kikao cha wazazi wa darasa la tatu peke yao, pamoja na mwalimu wa maktaba, mwalimu wa darasa na wajumbe wawili wa kamati ya shule. Hatukuleta mada wala mtoa mada. Tuliweka swali moja: kitabu kikipotea itakuwaje?

Walibishana karibu saa mbili. Baba mmoja alisema bila faini watoto watachana kurasa na kumpelekea mama maandazi afungie. Watu walicheka, lakini alikuwa na hoja, kwa sababu karatasi ina soko. Mwingine akasema faini ikiwepo, watoto wa maskini hawataazima kamwe, na hao ndio tuliowakusudia. Mwalimu wa maktaba alikaa kimya muda mrefu. Hatimaye akasimama, akawaeleza wazazi kile alichotueleza sisi, kwamba anaogopa. Tunaamini kikao kiligeukia hapo. Wazazi wengi walikuwa wakidhani anawanyima watoto wao kwa ukali tu.

Walikubaliana hivi. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa, hakuna anayedaiwa. Kikichanika, kirudi hivyo hivyo kilivyo, kisifichwe. Kikipotea, mzazi aje mwenyewe aseme mapema, na nyumba yake itoe nusu siku ya kazi ya maktaba, si fedha. Mtoto asizuiwe kuazima kingine. Na sisi wa ofisi tulitakiwa tuseme mbele ya wote kwamba mwalimu hataandikishwa maelezo kwa upungufu wa kawaida. Tulisema, na katibu akaandika.

Kazi ya maktaba ni nini? Hapa wazazi walitufundisha. Fundi cherehani alileta mabaki ya kitambaa kigumu kwa ajili ya migongo ya vitabu. Mzee anayeshona magunia alionyesha jinsi ya kurudisha kurasa zilizong'oka kwa sindano yake na uzi wa nailoni, imara kuliko gundi ya dukani. Seremala alitengeneza rafu ya kimo cha mtoto, kwa maana lile kabati lilikuwa refu mno hata kwa baadhi ya walimu. Akina mama wawili walikubali kushika zamu ya kuandika daftari Ijumaa mchana, na hilo lilimpunguzia mwalimu mzigo kuliko semina yoyote tuliyowahi kumpeleka.

Muhula wa kwanza vilipotea vitabu vinne. Kimoja kilionekana baadaye ghalani kimeliwa na panya. Tunawaambia haya wafadhili wetu bila kuficha: vinne vilipotea, na daftari lilijaa hadi jalada la nyuma.

Liko jambo la pili, nalo ni la nyumbani. Wazazi wengi walisema, "Sisi hatukusoma sana, tutamsaidiaje mtoto?" Mwalimu wa maktaba aliwajibu kwamba hawahitaji kusoma, wanahitaji kusikiliza. Aliwapa maswali matatu ya kumwuliza mtoto: ni nani yumo kwenye hadithi, amepatwa na nini, na wewe ungefanyaje? Tulimtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu. Hajui kusoma. Alikuwa akichambua maharage, na mjukuu akasoma kando yake kwa taa ya sola. Mtoto aliporuka mstari, bibi alimsimamisha: "Hapo umeruka, jana fisi alikuwa hajafika." Alikuwa amesikia kitabu hicho mara tatu.

Kutokana na hilo bibi alialikwa shuleni kusimulia hadithi zake, watoto wakaziandika kwenye daftari, na daftari hilo sasa linaazimwa kama kitabu kingine. Mwalimu anasema linagombaniwa.

Kwa upande wa sekondari mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa vitabu vingi ni vya Kiingereza na mzazi anajiona amefungiwa mlango. Tumewashauri walimu wamruhusu kijana asimulie nyumbani kwa Kiswahili, au hata kwa kilugha, alichokisoma kwa Kiingereza. Asiyeelewa hawezi kusimulia, na hilo mzazi anaweza kulitambua mara moja.

Si kila mahali palikwenda vizuri. Katika shule ya pili tulipeleka barua za "kikao cha maktaba" wakaja wazazi saba. Tangu serikali ianze elimumsingi bila malipo Januari 2016, mzazi akiona barua ya shule yenye neno kikao anajua anatafutiwa mchango, naye hukaa shambani. Aidha tulipanga siku ya gulio, kosa la wazi kwa watu wanaojiita waratibu. Mara ya pili barua ilisema, "Njoo umsikilize mwanao akisoma." Walijaa hadi madirishani, na akina baba pia. Vilevile kuna wajumbe wa kamati moja waliouliza kuhusu posho. Tulisema hakuna. Wawili hawakurudi, wengine wanaendelea.

Jambo jingine tuliloonywa na mwalimu mkuu, nasi tunamshukuru: vikao visifanyike kanisani. Shule ni ya wote, na wazazi Waislamu wana watoto humo sawa na sisi. Tulihamia chini ya mwembe wa shule, na mwenyekiti wa wazazi waliyemchagua ni Mwislamu, mtu makini sana wa kutunza daftari. Kwa hiyo tunawaomba marafiki msichanganye vipeperushi vya dini katika masanduku ya vitabu vya shule. Hivyo vina mahali pake.

Na tukiwa kwenye masanduku, mturuhusu wageni wetu tuseme kwa upendo. Vitabu vinavyokusanywa kwenu na kusafirishwa kwa meli hugharimu fedha nyingi, na vingi vinahusu theluji na mbwa wanaolala kitandani. Watoto huviangalia picha, basi. Hapa nchini viko vitabu vizuri vya Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 kwa kusudi hilo hilo, na wachapishaji wetu wanaendelea kuvitoa. Nauli ya sanduku moja ikija kama fedha, mwalimu wa maktaba na wazazi watakwenda dukani na kuchagua wenyewe. Katika shule ile ya kwanza tulijaribu: wazazi walichagua hadithi za wanyama, na kitabu kimoja cha ufugaji wa kuku ambacho, tunasikia, hakijalala shuleni hata usiku mmoja.

Kwa kamati za sharika, hatuombi mchango mpya leo. Tunaomba kila kamati ichague watu wawili waende shule iliyo jirani, wamwulize mwalimu wa maktaba anaogopa nini, kisha wawaulize wazazi swali hilo hilo, na walete majibu kwenye kikao chetu cha robo ijayo. Msiende na ahadi ya fedha, kwa sababu mkiahidi fedha mtaambiwa mnachotaka kusikia.

Fomu ya zamani tumeifuta. Mpya ina safu tatu: vilivyoazimwa, vilivyotengenezwa na wazazi, na vilivyopotea. Safu ya mwisho haina mahali pa maelezo. Nakala ziko mezani karibu na mlango. Chukueni mbili mbili, moja ya shule na moja ya kamati. Chai iko tayari.