Timu ya taifa huanzia kiwanja cha shule



Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, mjini Istanbul, Uturuki, yalifanyika mashindano ya Kombe la Dunia la mpira wa miguu kwa watu waliokatika mguu au mkono. Timu ya taifa ya Tanzania, ijulikanayo kwa jina la Tembo Warriors, ilikuwamo. Ilivuka hatua ya makundi, ikasonga mbele mpaka robo fainali, ikawa miongoni mwa timu nane bora za dunia. Furaha ya ushindi huo ilidumu siku chache nchini, kisha Simba na Yanga wakarudi kukalia nafasi yao ya kila siku katika mazungumzo ya vijiweni.

Yafaa mchezo wenyewe uelezwe, kwa kuwa wengi hawajapata kuuona. Kila upande una wachezaji saba. Sita kati yao ni watu wa mguu mmoja, nao hukimbia kwa magongo mawili. Wa saba, yaani mlinda mlango, ni mtu wa mkono mmoja. Gongo likiugusa mpira kwa makusudi, huhesabiwa kuwa mkono. Hairuhusiwi kuupiga mpira kwa kigutu. Mlinda mlango hatoki nje ya eneo lake, na kuotea hakuna. Kila kipindi huchukua dakika 25. Aendaye kuutazama kwa nia ya kuwahurumia wachezaji hupoteza huruma hiyo mapema sana, maana huona mtu ameegemea magongo yake, akaurusha mwili wote hewani na kupiga shuti ambalo wengi wa watazamaji wenye miguu miwili hawalimudu. Baada ya hapo hubaki kama watazamaji wengine wote, akimlaumu mwamuzi.

Mchezo huo haumo katika Michezo ya Paralimpiki. Na katika Paralimpiki, habari ya Tanzania ni tofauti kabisa. Nchi yetu ilishiriki mara ya kwanza mjini Barcelona mwaka 1992, ikakosa michezo miwili iliyofuata, ikarudi Athens mwaka 2004. Beijing, mwaka 2008, taifa zima liliwakilishwa na mtu mmoja, Ernest Nyabalale. London, mwaka 2012, alikuwa mmoja tena, Zaharani Mwenemti, aliyeshindana katika kurusha tufe na kisahani. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, walikwenda wawili: Sauda Njopeka na Ignas Madumla Mtweve. Hata michezo ya Paris ilipofungwa mwaka 2024, Tanzania ilikuwa bado haijapata medali hata moja ya Paralimpiki.

Hayo hayasemwi kwa kuwadharau wanamichezo hao. Mtu mmoja abebaye bendera ya nchi yenye mamilioni ya watu amekwisha kutimiza zaidi ya sehemu yake. Swali ni la wale waliobaki nyumbani. Kwa nini taifa ambalo laweza kupata kikosi kizima cha wachezaji wa mguu mmoja, wenye kiwango cha robo fainali ya dunia, halipati warusha tufe watano, wakimbiaji wasioona watatu, au muogeleaji mmoja?

Wako watakaosema ni fedha. Fedha ni sababu, wala hakuna mwenye akili atakayeikataa. Lakini mpira wa magongo nao haukuanza kwa fedha. Ulianza kwa sababu mpira wa miguu hauombi ruhusa ya mtu yeyote. Mtoto aliyekatwa mguu mtaani hutoka jioni na gongo lake, akaingia uwanjani pamoja na wenzake, na pengine hata chandimu yenyewe ni yake. Hakuna mwalimu aliyemwita, wala hakuna mwalimu aliyemzuia. Amecheza miaka kumi kabla hajasikia kwamba kuna chama, kocha au Kombe la Dunia. Michezo ya Paralimpiki haiko hivyo. Tufe halizagai mtaani. Mkimbiaji asiyeona hawezi kujizoeza peke yake, na bwawa la kuogelea halipo kila kijiji. Michezo hiyo huanzia shuleni, au haianzi kabisa.

Na shuleni hali ikoje? Kipindi cha michezo kinapofika, darasa zima hutoka mbio. Mwanafunzi mwenye mguu uliopooza huambiwa akae chini ya mwembe awatunzie wenzake mashati na viatu. Asiyeona huachwa darasani. Mwenye ualbino huambiwa jua kali litamdhuru, jambo ambalo ni kweli, lakini hakuna aliyefikiria kuhamisha kipindi chake kiwe asubuhi au jioni. Mwalimu hafanyi hivyo kwa ubaya. Aghalabu hufanya kwa huruma, naye anaogopa mtoto asije akaumia na mzazi akaja juu. Lakini mtoto aliyetunza mashati kwa miaka saba amefundishwa jambo moja barabara, tena bila kitabu: kwamba uwanja si wake.

Jirani zetu wanatoa ushahidi ulio kinyume. Kenya na Uganda zilianza kushiriki tangu michezo ya Heidelberg mwaka 1972. Anayefahamika zaidi kati ya wanamichezo wao ni Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akiwa kijana, baada ya kupatwa na kiharusi. Miaka mitano baadaye alikuwa Sydney katika mbio za mita 5,000. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwongozaji, kila mmoja akishika ncha ya kamba fupi, na mwongozaji hana ruhusa ya kumvuta wala kumtangulia kwenye utepe. Mwaka ule yalitokea ya ajabu: karibu na mwisho wa mbio mwongozaji wake, John Kibuchi, aliishiwa nguvu, na ikawa asiyeona ndiye anayemkokota anayeona mpaka wakamaliza, tena kwa medali ya dhahabu. Mwaka 2004, Athens, Wanyoike akiongozwa na rafiki yake wa tangu utotoni, Joseph Kibunja, alishinda mita 5,000 na mita 10,000.

Katika habari hiyo kuna jambo ambalo walimu hawana budi kulitazama kwa makini. Vifaa vilivyotumika ni kamba na mwenzi. Kamba yaweza kukatwa katika duka lolote la Muheza. Kupata mwenzi ni vigumu zaidi, kwa maana lazima awe na mbio kumshinda yule anayemwongoza, awe tayari kuamka alfajiri kila siku, na akubali kwamba jina litakalotangazwa kwanza si lake. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo la kazi. Hupatikana shuleni, kati ya watoto waliokaa dawati moja.

Wala isidhaniwe kuwa hii ni michezo ya daraja la pili. Mwaka 2016, Rio de Janeiro, fainali ya mita 1,500 kwa wanaume wenye uoni hafifu ilishindwa na Abdellatif Baka wa Algeria kwa dakika 3 na sekunde 48.29. Nyuma yake alikuja Tamiru Demisse wa Ethiopia, na wa tatu akawa Henry Kirwa wa Kenya kwa dakika 3 na sekunde 49.59. Wote watatu, na hata aliyeshika nafasi ya nne, walitumia muda mfupi kuliko ule uliompa Mmarekani Matthew Centrowitz dhahabu ya Olimpiki mwezi mmoja kabla, yaani dakika 3 na sekunde 50 kamili. Ni kweli kwamba fainali ile ya Olimpiki ilikwenda polepole kwa kuviziana, na haki inadai hilo lisemwe. Hata hivyo, sekunde ni sekunde.

Rwanda nayo ina somo lake. Mwaka 2012 timu yake ya wanaume ya mpira wa wavu wa kuketi ilikwenda London, ikiwa ya kwanza kufuzu kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara. Katika kikosi kile alikuwamo Dominique Bizimana, aliyekuwa mpiganaji wa jeshi la RPF, na Jean Rukondo, aliyekuwa askari wa jeshi la serikali ya wakati ule. Wote wawili walipoteza mguu vitani, kila mmoja upande wake wa mapigano. London waliketi chini upande mmoja wa wavu.

Basi tutazame huku kwetu. Milima ya Amani inajulikana tangu mwaka 1902, Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo. Baadaye ikawa makao ya watafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Wachache wanaokumbuka kazi ile huifikiria kuwa ni habari ya mbu tu. Lakini malaria ikipanda kichwani humwacha mtoto na kiungo kisichotii au sikio lisilosikia. Usubi, uletwao na nzi wa mito ya Usambara, hupofusha. Matende ya pwani ya Tanga hufunga miguu. Kwa hiyo Amani ilikuwa, kwa miaka mingi, mahali pa kuzuia ulemavu kabla haujaja. Kazi hiyo imezaa matunda katika nchi nzima: mgonjwa wa mwisho wa polio itokanayo na kirusi cha asili alionekana Tanzania mwaka 1996. Waliokwisha kupata ulemavu, hata hivyo, hawasubiri chanjo. Wanasubiri kupandishwa mlima kwenda shule, na wakifika, wapewe nafasi sawa na wenzao.

Lugha yenyewe ina sehemu yake katika jambo hili. Walimu wa Kiswahili wanafahamu kuwa kipofu, kiziwi, kiwete na kilema wamo katika umbo la KI-VI, pamoja na kiti na kijiko, ingawa tunasema kipofu amekuja wala hatusemi kimekuja. Sarufi ilikwisha kung'amua kwamba huyu ni mtu kabla ya jamii kulikubali hilo. Leo husemwa mtu mwenye ulemavu, na ni vyema. Ila mtoto akiitwa kwa jina jipya na kuketishwa chini ya mwembe ule ule, hajapata faida kubwa.

Kwa watumishi wa umma, hoja haiishii kwenye huruma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Ibara ya 30 ya mkataba huo inataja waziwazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki katika michezo sawa na watoto wengine, ikiwa ni pamoja na ile ya shuleni. Kwa hiyo ofisa anayepanga bajeti ya michezo ya wilaya na kuacha fungu hilo wazi hajabana matumizi. Ameacha wajibu wa nchi bila kutekelezwa.

Liko pia jambo la utaratibu ambalo bila ofisi haliwezekani. Katika riadha ya Paralimpiki kila mwanamichezo hupangwa katika daraja lake: herufi T ni ya mbio na kuruka, F ya kurusha, namba 11 hadi 13 ni za wasioona na wenye uoni hafifu, 20 ni ya ulemavu wa akili, na 51 hadi 57 ni za washindanao wakiwa wameketi. Upangaji huo hufanywa na wataalamu waliothibitishwa, katika mashindano yanayotambulika. Kijana anaweza kurusha tufe mbali kupita wote katika mkoa wa Tanga, lakini kama hajapimwa na kupangiwa daraja, na kama hajapelekwa kwenye mashindano ambayo matokeo yake yanahesabika, jina lake halitafika popote. Hapo ndipo vipaji vingi hufia, mezani, katika jalada linalosubiri sahihi.

Kazi ya mwanzo, kwa upande mwingine, si nzito. Kiti cha kurushia tufe ni fremu ya chuma inayofungwa ardhini isitikisike, na fundi yeyote wa kuchomelea vyuma aweza kuiunda akipewa vipimo. Watoto wa Tongoni na Mwambani wanajua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Kati yao hakosekani mwenye mkono mmoja, na Husnah Kukundakwe wa Uganda, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia, alikuwa na umri wa miaka 14 tu alipoogelea Tokyo, akiwa mdogo kuliko washiriki wote wa michezo ile. Shule ya wasioona iko Irente, Lushoto, katika milima ambayo hewa yake wakimbiaji wa nchi nyingine wangeilipia. UMITASHUMTA imekwisha kufungua mlango kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Linalotakiwa ni kila shule kuwaandikisha wanafunzi hao mwanzo wa mwaka, jina kwa jina, na mchezo wa kila mmoja, kabla barua ya mashindano haijafika na watu kuanza kukimbizana.

Michezo ijayo ya Paralimpiki ya majira ya joto ni ya Los Angeles, mwaka 2028, na baada yake Brisbane, mwaka 2032. Kwa Los Angeles muda umebaki mfupi. Kwa Brisbane, wanamichezo wanaohusika wako darasa la tatu na la nne hivi sasa, na baadhi yao, kipindi cha michezo kikifika wiki hii, wameshikishwa mashati.