Hisa za Chipu na Kipimo cha Faida

Hisa za kampuni zinazotengeneza chipu, vile vipande vya silikoni vinavyoendesha simu, magari na mitambo ya akili mnemba, zimekuwa gumzo hata huku kwetu, ingawa masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam hayana kampuni hata moja ya aina hiyo. Mwenye simu na akaunti kwa dalali wa mtandaoni anaweza kuzinunua New York akiwa Mwanza. Swali ni anachagua kwa kipimo gani. Wengi hutazama faida: kampuni ilivuna sana mwaka jana, bei ya hisa ni ndogo ukiilinganisha na faida hiyo, basi ni rahisi, tununue. Kwa benki au kiwanda cha bia kipimo hicho kina maana yake. Kwa chipu, hasa chipu za kumbukumbu, nashikilia kwamba kinaweza kumpoteza mnunuzi kabisa, na ushahidi umo katika hesabu za kampuni zenyewe.

Chukua Micron ya Marekani, mtengenezaji wa chipu za kumbukumbu. Katika mwaka wake wa hesabu ulioishia Agosti 2018 ilipata faida ya dola bilioni 14, kila hisa ikivuna zaidi ya dola 11. Katikati ya 2018 hisa hiyo iliuzwa kwa dola 50 hadi 60 na ushei, yaani kama mara tano tu ya faida yake. Ungedhani ni bei ya kutupa. Kufika Krismasi ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 30, na faida ya mwaka wa hesabu uliofuata ikaanguka hadi bilioni 6.3. Sasa tazama upande wa pili. Katika mwaka wa hesabu wa 2023 Micron ilipata hasara ya dola bilioni 5.8, na mapato yake yakawa nusu ya mwaka uliotangulia. Anayepima kwa faida asingeigusa. Lakini kati ya Januari na Desemba 2023 hisa hiyohiyo ilipanda kutoka kama dola 50 hadi 85. Faida nono ilitangulia anguko, na hasara kubwa ilikwenda sambamba na kupanda kwa bei.

Hili halikutokea kwa bahati. Kiwanda cha chipu hugharimu mabilioni ya dola na huchukua miaka kukamilika, na chipu ya kumbukumbu ya Samsung haitofautiani sana na ya SK Hynix au ya Micron, hivyo mnunuzi hutazama bei. Bei ikiwa juu, kila mtengenezaji hupanua kiwanda kwa wakati mmoja, na mzigo wao wote huingia sokoni pamoja. Mkulima wa vitunguu wa Singida anaielewa hali hiyo vizuri: msimu wa bei nzuri ndio unaowafanya majirani wote walime vitunguu. Tofauti ni ukubwa wa deni linalobaki bei inapoanguka. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2009, na Elpida ya Japani ikafuata mwaka 2012, kisha ikanunuliwa na Micron. Waliobaki na hisa za kampuni hizo hawakupata mzunguko mwingine wa kusubiri.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo aanze kwingine. Taarifa za mwaka za kampuni zilizosajiliwa Marekani zinapatikana bure kwenye tovuti ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo, na ndani yake kuna mistari inayosema mengi kuliko faida. Mmoja ni thamani ya bidhaa zilizolala ghalani. Kati ya mwaka wa hesabu wa 2021 na wa 2022 mapato ya Micron yaliongezeka kwa asilimia 11 tu, lakini mzigo wa ghalani ulikua kutoka dola bilioni 4.5 hadi 6.7. Chipu zilikuwa zikitengenezwa nyingi kuliko zilivyokuwa zikinunuliwa. Mistari mingine ni fedha zinazomwagwa kwenye ujenzi wa viwanda, na idadi ya wateja wanaobeba mapato yote. Aulize pia kampuni imekaa wapi katika mnyororo. Nvidia husanifu chipu lakini haina kiwanda cha kuzichonga. Inategemea TSMC ya Taiwani. TSMC nayo hutegemea mashine za ASML ya Uholanzi, kampuni pekee duniani inayouza mashine za kuchora chipu kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri. Texas Instruments huuza maelfu ya aina za chipu za kawaida ambazo hukaa viwandani na ndani ya magari kwa miaka mingi. Zote huitwa hisa za chipu, lakini hazipandi wala hazishuki kwa sababu zilezile.

Kuna watakaosema soko tayari limeisoma mistari hiyo kabla yetu. Ni kweli: bei ya Micron ilianza kushuka mapema mwaka 2022, kabla taarifa ya mwaka haijatoka. Sidai kwamba msomaji wa taarifa atawahi mbele ya wataalamu. Anachopata ni kujua anashika kitu gani, ili kishindo cha kushuka kisimkute akiamini kwamba amenunua kitu salama.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba akili mnemba imebadilisha kila kitu, na mizunguko ya zamani imekwisha. Mahitaji ni ya kweli. Mapato ya Nvidia, ambayo chipu zake huendesha akili mnemba, yalitoka dola bilioni 27 katika mwaka wake wa hesabu ulioishia Januari 2023 hadi bilioni 130 miaka miwili baadaye. Lakini mwaka 2000 intaneti nayo ilikuwa ya kweli, na ilibadilisha dunia kama ilivyotabiriwa. Agosti mwaka huo hisa ya Intel, mtengenezaji wa chipu za kompyuta, ilifika karibu dola 75. Mapato ya kampuni yalikua kutoka dola bilioni 34 mwaka huo hadi 78 mwaka 2020, zaidi ya maradufu, na bado katika mwaka mzima wa 2020 hisa haikuifikia bei ile hata siku moja. Utabiri kuhusu teknolojia ulitimia, na mnunuzi akakaa miaka 20 bila kuiona tena bei aliyolipa, kwa sababu alilipa mno.

Ndiyo, walioshika Nvidia bila kujali mizunguko wametajirika. Lakini hisa hiyo ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mwishoni mwa 2018, ikapoteza tena zaidi ya nusu mwaka 2022. Mwenye kuhitaji ada ya shule katika miezi hiyo alilazimika kuuza, na utajiri wa baadaye ukaenda kwa mwingine. Hata mfuko unaokusanya kampuni nyingi za chipu, ambao kwa maoni yangu ndio chaguo bora kwa asiye na muda wa kusoma hesabu, humkinga mtu na kufilisika kwa kampuni moja tu; haumkingi na mzunguko. Fahirisi ya chipu ya Philadelphia, inayopima bei za hisa za kampuni nyingi za chipu kwa pamoja, ilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kati ya Machi 2000 na Oktoba 2002.

Na anayenunua kutoka huku kwetu ana hesabu nyingine. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo asilimia 30 ya gawio hukatwa hukohuko kabla halijamfikia. Akifariki akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, hisa zikiwemo, warithi wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi inayofika asilimia 40. Kwa anayepanga kuzishika miaka kumi au zaidi, hayo nayo ni sehemu ya bei, na mwenzi wake wa ndoa au mwanawe mkubwa anapaswa kuyajua tangu siku ya kununua.